Vifungashio vya Bure Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, wanafunzi na familia zinazohama, ambao hutuma mizigo kutoka Dodoma na wilaya zake kwa basi, kwa Posta au kwa kampuni za vifurushi, na ambao hawaoni sababu ya kununua boksi jipya kila mara wanapokuwa na kitu cha kutuma. Maswali yamepangwa kuanzia kupata vifungashio hadi kuvitumia, ingawa msomaji anaweza kuanza popote.

Je, ni kweli kwamba vifungashio vinaweza kupatikana bure?

Ndiyo, lakini si vyote. Maboksi, magazeti ya zamani, mifuko ya salfeti, maranda, mikanda ya plastiki inayofungiwa bidhaa za jumla na lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni hupatikana bila malipo kwa mtu anayejua pa kuuliza. Selotepu haipatikani bure, na anayejaribu kuibandua kwenye boksi la zamani ili aitumie tena anapoteza muda wake, kwa sababu gundi yake imekwisha kujaa vumbi na nyuzi za karatasi.

Jambo moja linafaa kueleweka mapema. Boksi tupu si takataka isiyo na mwenyewe kama ilivyokuwa zamani, kwa kuwa wapo watu wanaokusanya maboksi na kuyauza kwa kilo ili yakatengenezwe upya. Mwenye duka anayekupa boksi bure anakupa kitu ambacho angeweza kumuuzia mtu mwingine kwa fedha kidogo, au ambacho amekwisha kumwahidi kijana anayepita kila jioni na mkokoteni.

Kwa Dodoma, ni boksi gani la bure lililo bora kuliko mengine?

Ni boksi la rimu za karatasi za A4, na kwa maoni ya mwandishi halina mpinzani. Dodoma ni mji wa ofisi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake hapa kwa kasi mwaka 2016, karatasi zinafunguliwa kila siku ya kazi katika wizara za Mji wa Serikali Mtumba, bungeni, katika taasisi zilizotapakaa mjini, Chuo Kikuu cha Dodoma, na zaidi ya yote katika vibanda vya kuchapa na kutoa nakala vinavyozizunguka ofisi hizo. Kila boksi la kawaida hubeba rimu 5 zenye karatasi 500 kila moja. Rimu moja ya karatasi za gramu 80 ina uzito wa takriban kilo 2.5, na hivyo boksi zima limetengenezwa kubeba takriban kilo 12.5 na kuvumilia kupangwa juu ya mengine ghalani. Huo ni uzito unaotosha mizigo mingi ya mfanyabiashara mdogo, na bado mtu mmoja anaweza kuubeba bila kuumia mgongo.

Faida nyingine ni kwamba ukubwa wa karatasi ya A4 ni uleule popote, kwa hiyo maboksi haya yanakaribiana kwa vipimo hata yakitoka kwa watengenezaji tofauti. Muuzaji wa karanga, unga wa ubuyu au vitabu akishajua pakiti ngapi zinaingia, hana haja ya kukisia tena, na maboksi yake hukaa sawasawa kwenye buti la basi.

Kasoro zake ni mbili. Mengi yana kifuniko kinachovishwa juu tu, ambacho kisipozungushiwa selotepu pande zote kitavuka mikononi mwa kuli wa kwanza. Mengine yana matundu ya kushikia pembeni, na wakati wa kiangazi matundu hayo huingiza vumbi lote la barabarani. Yazibwe kwa ndani kwa kipande cha boksi jingine na gundi.

Nianzie ofisini au kwenye vibanda?

Vibandani. Katika ofisi ya umma kutoa kitu nje ya geti kuna utaratibu wake, hata kama kitu chenyewe ni boksi tupu, na si haki kumweka mlinzi au mhudumu katika nafasi ya kujieleza kwa ajili yako. Ikiwa una ndugu au rafiki anayefanya kazi huko, amwombe afisa anayehusika na stoo kwa uwazi. Kibandani jambo ni jepesi zaidi: mwenye kibanda anabanwa na nafasi na mara nyingi hufurahi kuyaona maboksi yakiondoka. Kipindi cha Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na majira ya mitihani vyuoni ni nyakati nzuri za kuuliza, kwa kuwa kazi ya kuchapa huongezeka.

Ukiacha maboksi ya rimu, ni wapi kwingine pa kutafuta?

Mahali ni pengi, lakini kila mahali pana aina yake ya boksi, na boksi linalofaa kitu kimoja linaweza kuharibu kingine.

Maboksi ya mvinyo yanastahili kutajwa kwanza, kwa kuwa Dodoma ni nchi ya zabibu na mvinyo wake unauzwa katika maduka na baa nyingi mjini. Boksi la chupa 12 za mililita 750 huwa na vigawanyo vya ndani vinavyozuia chupa zisigongane, na kwa kuwa chupa moja ya kioo iliyojaa huzidi kilo 1, boksi hilo limejengwa kwa mzigo mzito. Mtu anayetuma asali, siki au siagi ya karanga katika chupa za kioo hatapata kifungashio bora zaidi kwa bei yoyote, mradi avikute vigawanyo bado vimo. Mwambie mhudumu wa baa mapema asivitoe, kwa sababu watu wengi huvitupa kabla ya kukunja boksi.

Katika Soko Kuu la Majengo na Soko la Job Ndugai pale Nzuguni, wauzaji wa matunda huwa na maboksi ya tufaha zilizoagizwa kutoka nje, hasa Afrika Kusini. Boksi hilo hubeba takriban kilo 18, karatasi yake ni nene, na ndani huwa na trei laini zenye mashimo ya duara ambazo ni kinga nzuri ya vikombe, bilauri na vyungu vidogo. Maduka ya dawa ya jumla hutoa maboksi madogo, safi na magumu. Maduka ya vifaa vya umeme na vipuri ndiyo chimbuko la povu gumu. Katika soko la wazi la Machinga yapo mengi ya viatu na nguo. Ya viatu ni membamba na yanafaa kuwa boksi la ndani tu, si la nje.

Maboksi ya sabuni yasitumike kwa majani ya chai, unga wala kitu chochote cha kuliwa, kwa maana harufu haitoki hata ukiyaanika siku nzima. Yaliyobeba samaki au kuku wa barafu yameshalowa. Yaliyobeba viuatilifu au dawa za mifugo yasiguswe kabisa kwa kazi hii.

Nimwombe vipi mwenye duka bila kuonekana msumbufu?

Nenda wakati hana wateja, yaani asubuhi baada ya kufungua na kupanga, au jioni anapokaribia kufunga. Salimia kwanza, hata kama una haraka. Kisha eleza unachotaka, kiasi na muda: "Shikamoo mama. Ninauza karanga na huwa natuma mizigo Dar. Kama maboksi haya ya tufaha huwa hamyatumii, naomba niwe napita Jumatano na Jumamosi jioni kuyachukua, na nitayakunja mwenyewe." Ombi la namna hii linakubalika kwa sababu linamwondolea mwenye duka kazi badala ya kumwongezea. Akikwambia kwamba yupo anayeyachukua, mshukuru na uondoke. Usimpandie dau yule kijana wa mkokoteni kwa boksi moja unalolihitaji leo.

Ukikubaliwa, uende siku uliyosema. Mwenye duka aliyekutunzia rundo la maboksi mlangoni kwake usiku kucha, nawe usitokee, hatakutunzia tena.

Boksi nililolikuta nje ya duka, je, ninaweza kulichukua tu?

Uliza. Kreti za soda na za bia, kreti za mikate na vibao vya kupangia mizigo ni mali ya kampuni hata vikikaa nje mwezi mzima, na kreti ya soda ina dhamana ya fedha juu yake.

Nitajuaje kama boksi lililotumika bado lina nguvu?

Likague kwa vidole kabla ya macho. Boksi la kawaida lina tabaka tatu: karatasi mbili bapa na katikati karatasi iliyokunjwa mawimbi, boksi la mizigo mizito lina tabaka tano. Nguvu yote imo kwenye yale mawimbi. Bonyeza ukuta wa boksi kwa kidole gumba sehemu kadhaa: penye uhai patakurudisha, na penye mawimbi yaliyokwisha kulala patabonyea na kubaki hivyo. Angalia pembe nne za wima, kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito wa maboksi ya juu. Pembe iliyochanika au iliyolainika haitengenezwi kwa selotepu. Angalia pia mkunjo wa mifuniko. Ukiona karatasi ya nje imepasuka kwenye mkunjo, boksi hilo limekwisha kufunguliwa na kufungwa mara nyingi mno.

Alama ya maji, hata ikiwa imekauka, ni sababu ya kulikataa kwa mzigo mzito. Karatasi iliyowahi kulowa hukauka ikiwa ngumu juu lakini gundi iliyoshika tabaka zake imeachia. Wakazi wa Dodoma hudanganywa na hali ya hewa ya hapa: kwa miezi mingi hewa ni kavu na kila boksi linaonekana imara, lakini mzigo huohuo ukifika Dar es Salaam au Tanga na kulala ghalani katika unyevunyevu wa pwani, kuta zake hulegea. Kwa mzigo wa pwani, punguza uzito au chagua boksi la tabaka tano. Hapahapa Dodoma nako kuna masika yanayoanza takriban Desemba na kuendelea hadi Aprili, na mvua yake ikija haibishi hodi.

Mwelekeo wa mawimbi nao ni muhimu. Yawe yamesimama wima, kutoka chini kwenda juu. Ukililaza boksi ubavu ili kitu kirefu kiingie, umeyalaza mawimbi, na sehemu kubwa ya nguvu yake imepotea.

Boksi limejaa maandishi ya bidhaa nyingine. Je, hilo lina shida?

Kwa mzigo wa basi, shida ni ndogo, ila ni vizuri kuondoa lebo zote za zamani, namba za simu na misimbo ya mistari ili mzigo usipelekwe kwa mtu wa safari iliyopita. Kwa mizigo ya nje ya nchi, shida ni kubwa zaidi. Alama za hatari zilizoachwa kwenye boksi zinaweza kuuzuia mzigo usio na hatari yoyote, na posta ya Marekani haipokei boksi lenye maandishi ya pombe mpaka yafutwe au yafunikwe.

Dawa yake ni kuligeuza boksi ndani nje, na kazi hii inastahili kuelezwa. Kila boksi lina mshono mmoja wa wima ambapo kipande chembamba cha ukuta kimeshikwa kwa gundi na ukuta wa jirani. Ingiza kisu chembamba, au rula ya chuma, kati ya vipande hivyo kuanzia juu, ukikisukuma taratibu bila kukivuta kuelekea kwako, mpaka mshono uachie wote. Boksi sasa linatandazika kama karatasi moja ndefu. Likunje upande wa pili kwenye mikunjo ileile, ukikandamiza kila mkunjo kwa rula ili karatasi isipasuke. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kile kipande chembamba, kibandike na ukibane kwa vibanio vya nguo juu na chini, huku katikati ukiwekea tofali. Liache mpaka kesho yake. Utapata boksi la rangi ya udongo lisilo na neno hata moja nje, ambalo kwa macho ya mteja ni jipya. Gundi ya uji wa ngano hushika pia, lakini huwaita mende na panya, kwa hiyo isitumike kwa mzigo utakaokaa ghalani.

Nijazie nini ndani ili kitu kisivunjike?

Magazeti yaliyofinyangwa ni ya kwanza, na yafinyangwe vikali, kwa sababu gazeti lililokunjwa kivivu hulala safari ikianza na kuacha nafasi. Vipande vyembamba vya karatasi kutoka mashine za kukatia nyaraka ni vyepesi na vinanesa. Maranda kutoka kwa maseremala hujaza vizuri, lakini yatiwe kwenye mfuko ndani ya boksi, la sivyo vumbi lake litaingia kila mahali. Yawe makavu, na yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa. Pumba za mpunga zinafaa kwa njia hiyohiyo. Trei za mayai ni kinga nzuri sana, ila zenye madoa ya mayai au kinyesi zitupwe. Kwa familia inayohama, khanga, taulo na mashuka yanayosafiri vilevile ndiyo vijazio vya kwanza kufikiriwa.

Kipimo kinachotumika kwa kitu cha kuvunjika ni kuacha takriban sentimita 5 za kijazio kila upande, chini na juu vikiwemo. Ukimaliza, funga boksi kwa mkono na ulitikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinatembea, fungua na uongeze.

Ninaweza kutumia karatasi za ofisi zilizokwisha kuchapwa?

Zisome kwanza. Fomu za wagonjwa, orodha za wanafunzi, nakala za vitambulisho na mikataba hutupwa ovyo, na yeyote anayezifungia mzigo anazisambaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwapo, hakuna mtu ambaye angependa majibu yake ya maabara yafike Mwanza yakiwa yamezungushiwa kikombe. Ukizikuta, zirudishe au zichane kabisa.

Vipi kuhusu mifuko ya salfeti na magunia?

Mifuko ya salfeti ya kilo 25 na 50 hupatikana kwa mama lishe, kwenye maduka ya kuoka mikate na katika jikoni za shule, ambako sukari, mchele na unga wa ngano huisha kila wiki. Ipindue, ikung'ute, ifue na kuianika juani mpaka mishono ikauke. Inafaa nguo, viatu, mablanketi na vitabu vilivyokwisha kutiwa kwenye boksi, kwa kuwa boksi ndani ya salfeti iliyoshonwa kwa shazia na uzi wa katani huvumilia safari ndefu kuliko boksi lililozungushiwa selotepu peke yake. Mdomo ushonwe baada ya kukunjwa mara mbili, si kufungwa fundo tu, maana fundo huwa ndilo mahali pa kushikia na ndipo panapofumuka.

Kwa chakula, masharti ni makali zaidi. Mfuko uliobeba mbolea, saruji au chakula cha mifugo usibebe nafaka wala karanga, hata ukifuliwa. Mfuko uliokuwa na mahindi yaliyovunda usitumike kabisa. Watu wa Dodoma na Manyara wanakumbuka mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 uliosababisha vifo, na ukungu unaozalisha sumu hiyo hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa katika unyevu. Mfuko mchafu wenye mabaki ya mavuno yaliyopita huubeba hadi kwenye mavuno mapya. Anayeuza karanga za kuliwa anunue mfuko mpya wa ndani, kisha boksi la nje ndilo liwe la bure. Usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na bidhaa iliyo sokoni hupimwa pamoja na kifungashio kinachoigusa.

Mfuko wa mazao usijazwe kupita kiasi na kuongezewa kilemba juu. Lumbesa imekatazwa, na kiwango cha juu cha gunia la mazao ni kilo 100.

Je, sheria ya mifuko ya plastiki inanizuia kufungia mzigo kwa nailoni?

Kilichopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Plastiki ya kufungashia bidhaa za viwandani, za kilimo, za afya na za usindikaji wa chakula iliachwa nje ya katazo hilo. Nailoni iliyofunika godoro au friji jipya, ukiipata bure, inaweza kuzungushiwa mzigo wako kuukinga na mvua. Mifuko ya rambo iliyobaki kabatini tangu zamani isitumike, hata kama ni kijazio tu.

Boksi kubwa ni la bure na dogo ni la bure. Kwa nini nisichukue kubwa?

Kwa sababu utalilipia njiani. Kampuni za kimataifa za vifurushi vya haraka hutoza kwa uzito wa mizani au kwa uzito wa ukubwa, ule ulio mkubwa kati ya hiyo miwili, na uzito wa ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita na kugawanya kwa 5,000. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40: jibu ni kilo 19.2, hata kama ndani mna vikapu viwili vya ukili vyenye kilo 3. Boksi la rimu lenye sentimita 31 kwa 22 kwa 27 halifiki kilo 4 kwa hesabu hiyohiyo. Kwenye mabasi hakuna fomula. Wakala wa mizigo pale Nanenane hukadiria kwa macho, na macho huona ukubwa kabla ya kuona uzito.

Boksi kubwa linaweza kupunguzwa. Kata pembe nne kwenda chini mpaka kimo unachotaka, pitisha ncha butu ya kijiko mahali pa mkunjo mpya, kisha kunja.

Je, Posta na kampuni za vifurushi hutoa vifungashio bure?

Wanaotazama video za wauzaji wa Marekani huuliza swali hili mara nyingi. Ni kweli kwamba posta ya huko, USPS, hutoa maboksi na bahasha za huduma yake ya Priority Mail bila malipo, lakini ni kwa huduma hiyo tu. Mtu akiyatumia kwa huduma nyingine hutozwa nauli ya Priority Mail. Ndugu aliyeko huko anayetaka kukutumia mzigo anaweza kuyapata. Wewe uliyeko Makole au Kisasa huwezi kuyaagiza.

Kampuni za kimataifa kama DHL Express huwapa wateja wake bahasha na maboksi yenye nembo kwa ajili ya mizigo inayokwenda nao, kwa hiyo ukikusudia kutumia huduma ya namna hiyo, uliza kabla hujajisumbua kufunga. Popote utakapopeleka mzigo, usiupige selotepu ya mwisho nyumbani. Nenda na selotepu yako mkononi, kwa kuwa mpokea mizigo ana haki ya kuona kilichomo.

Ninahama nyumba. Nitapata wapi maboksi mengi kwa mara moja?

Kwa familia iliyohamia wiki hii. Watumishi wa umma huhamishwa mara kwa mara, na nyumba iliyotoka kupokea vyombo huwa na rundo la maboksi ambalo mwenyewe analitafutia pa kulipeleka. Tangaza hitaji lako katika kundi la WhatsApp la mtaa au kwa mjumbe, hasa Juni na Julai, na tena Desemba watoto wakiwa likizo. Vitabu vitiwe kwenye maboksi madogo, mito na mapazia kwenye makubwa. Anayefanya kinyume chake atajuta ngazini.

Ninatuma nje ya nchi. Kuna vifungashio vya bure nisivyoweza kutumia?

Vipo. Nyasi kavu na mabua, ambavyo bibi zetu walivitumia kufungia vyungu, hukataliwa na nchi nyingi kwa kuwa hubeba mbegu na wadudu. Kreti ya mbao ghafi iliyogongomelewa na fundi wa mtaani haivuki mipaka mingi bila muhuri wa kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, kinachotaka mbao zitibiwe, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kwenye kiini kwa dakika 30 mfululizo. Mbao za tabaka zilizogundishwa kiwandani, maranda na vipande vyenye unene usiozidi milimita 6 havimo katika sharti hilo. Kwa mimea, mbegu na mazao, muulize afisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla ya kufunga chochote.

Nihifadhi vipi maboksi niliyoyakusanya?

Dodoma adui ni mchwa. Maboksi yaliyolazwa sakafuni au kuegemezwa ukutani yatageuka udongo kabla hujapata wateja wa kuyamaliza. Yakunje bapa, yapange juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali, mbali kidogo na ukuta, na uchungulie chini yake kila wiki. Kabla ya kuyaingiza ndani, yaanike juani na uyakung'ute: mayai ya mende hukaa kwenye mifereji ya mawimbi na hufanana na punje ndogo za maharage ya kahawia. Usitunze zaidi ya unayoweza kutumia kwa mwezi.

Ni vitu gani nisivyopaswa kuvitafuta bure?

Selotepu pana, maka peni isiyofutika na kifungashio kinachogusa chakula moja kwa moja. Selotepu ipite kwenye mshono wa katikati, juu na chini, kisha kwenye kingo mbili za kila upande. Andika jina la mpokeaji, namba yake ya simu na kituo cha kushukia kwenye pande mbili za boksi, na uweke karatasi yenye maelezo hayohayo ndani, kwani lebo ya nje inaweza kubanduka Gairo na mzigo ukafika Morogoro bila mwenyewe.

Maboksi yaliyochakaa niyapeleke wapi?

Bandua selotepu, yakunje, yafunge kwa kamba na umpe yule kijana wa mkokoteni. Yaliyolowa hayanunuliki; yachane vipande vidogo na uyatandaze chini ya miche ya bustani, ambako mchwa watayafanyia kazi bila kukudai kitu.